Dirisha Linaloomba Nenosiri: Majibu kwa Maafisa TEHAMA wa Singida

*Nipo Kiomboi, seva ninayoihudumia ipo Dodoma. Nikibonyeza programu ya kuhamisha nakala, linachomoza dirisha dogo la nenosiri. Limetoka wapi?*

Hiyo ni ssh-askpass. Programu yako huunganisha na seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali. SSH ikianzishwa kwenye teminali huuliza humo humo. Ikianzishwa kwa kubonyeza ikoni haina pa kuulizia, hivyo huita programu iliyotajwa kwenye SSH_ASKPASS. Programu hiyo hupokea unachoandika, huikabidhi SSH, kisha hujifunga. Wenye KDE wana ksshaskpass, inayoweza kukuhifadhia neno hilo ndani ya KWallet.

*Linaomba nenosiri lipi hasa?*

Lisome kabla ya kuandika. Wengi hawalisomi, nami hilo linanisikitisha. Likitaja faili kama id_ed25519, linataka neno la kufungulia ufunguo ulio kwenye kompyuta yako. Neno hilo halifiki Dodoma kamwe. Likitaja jina lako na la seva, linataka nenosiri la akaunti, nalo husafiri hadi kwenye seva, ingawa limesimbwa.

Lipo la tatu, na ndilo zito zaidi: mara ya kwanza unapounganisha, huonyeshwa alama ya utambulisho wa seva na kuulizwa kama uendelee. Usikubali kwa mazoea. Mpigie simu msimamizi wa seva, akusomee alama hiyo, mlinganishe herufi kwa herufi. Anayejifanya seva yako hupitia hapo hapo, na ukishamkubali, kompyuta yako itaikumbuka seva yake kana kwamba ndiyo ya kweli.

*Linanichosha. Nitengeneze ufunguo usio na neno?*

Hapana, tafadhali. Tatu Ylönen aliitunga SSH mwaka 1995, baada ya manenosiri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland. Njia hiyo ya mtandaoni ilifungwa, lakini ufunguo ulio wazi kwenye kompyuta iliyosahaulika ndani ya basi la Dodoma humfungulia yeyote atakayeiokota. Kama seva ina taarifa za wagonjwa au walipakodi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Tumia ssh-agent, inayokushikia ufunguo ukiwa umefunguliwa. Asubuhi andika `ssh-add -t 8h`, jaza neno mara moja, na ufunguo utatumika kwa saa nane. Ukiongeza `-c`, dirisha litakuomba ridhaa kila ufunguo unapotumika.

*Kwangu halitokei kabisa.*

Huenda kifurushi chake hakijawekwa. Kama kipo na SSH bado inauliza kwenye teminali, tangu OpenSSH 8.4 ya mwaka 2020 unaweza kuweka SSH_ASKPASS_REQUIRE kuwa `prefer`.

*Je, likichomoza nikiwa sijabonyeza chochote?*

Usiandike kitu. Lifunge, kisha tazama orodha ya programu zinazoendeshwa ujue ni ipi iliyoliita. Huenda ni kazi ya nakala uliyoipangia saa. Usipoitambua, chomoa waya wa mtandao, na ufunguo wako wa SSH uondolewe kwenye kila seva inayoukubali, siku hiyo hiyo.