Ramani ya Karatasi Inayosomwa na Kalamu ya Dijitali

Mkazi wa Kipsongo, Kitale, au Kanduyi, Bungoma, anajua mtaro unapoziba kuliko mpangaji aliye ofisini. Akiuchora kwenye ramani ya karatasi kwa kalamu ya dijitali, mchoro wake huingia kwenye kompyuta baadaye.

Kalamu hiyo ina kamera ndogo karibu na ncha. Husoma nukta zilizochapwa takriban milimita 0.3 kutoka moja hadi nyingine, ikajua inapoandika. Hutumia mwanga wa infraredi, ambao kaboni huufyonza. Kwa hiyo:

1. Nukta zichapwe kwa wino mweusi wenye kaboni.
2. Barabara na majina yachapwe kwa wino usio na kaboni, yasizifunike nukta.
3. Soko, shule, kanisa na msikiti vionekane wazi.

Nukta zisiposomeka, maoni ya mwananchi hupotea.