SOMO LA AFYA: Ketamini, Dawa ya Maumivu Inayopitia Mshipani

Mkaazi wa Kabuchai aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda, au mama anayehitaji upasuaji wa kujifungua usiku, huenda akasikia mhudumu akitaja ketamini. Wengi hutia saini fomu bila kujua dawa hiyo ni ipi. Somo hili linaeleza ilikotoka, jinsi ilivyojaribiwa, na mambo unayopaswa kumwambia mhudumu kabla ya kudungwa.

Inafanyaje kazi?

Ketamini huingizwa kwenye mshipa wa damu, ingawa yaweza pia kudungwa kwenye msuli. Kipimo kidogo hupunguza maumivu mgonjwa akiwa macho. Kipimo kikubwa humlaza ndani ya dakika moja hivi, na usingizi huo hudumu kama dakika 5 hadi 10 kabla ya kuhitaji nyongeza. Tofauti na dawa nyingi za nusukaputi, kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na shinikizo la damu yake haliporomoki. Ndiyo maana inafaa pale ambapo mashine ni chache.

Ilijaribiwaje?

Kabla yake kulikuwa na fensiklidini, dawa iliyozima maumivu lakini ikawaacha wagonjwa wamechanganyikiwa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1962, mwanakemia Calvin Stevens alitengenezea kampuni ya Parke-Davis ya Marekani dawa ya jamii hiyo ambayo nguvu zake huisha mapema. Baada ya kujaribiwa kwa wanyama, mwaka wa 1964 daktari Edward Domino na mwenzake Guenter Corssen waliwapa binadamu kwa mara ya kwanza: wafungwa waliojitolea katika gereza la Jackson, Michigan. Leo kanuni za utafiti huwalinda wafungwa kwa makini zaidi, kwani aliye kifungoni hana uhuru kamili wa kukataa.

Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka wa 1970. Mwaka wa 1985, Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Ushahidi wa hapa Kenya

Swali moja lilibaki: je, ni salama mahali ambapo daktari wa nusukaputi hapatikani? Jibu lilitafutwa hapa magharibi mwa Kenya. Mwaka wa 2013, hospitali ya Sagam, Luanda, ilianza mpango pamoja na watafiti wa Massachusetts General Hospital. Wahudumu wasio wa nusukaputi walipewa mafunzo maalum na orodha ya hatua za kufuata. Ripoti ya mwaka wa 2017 ilichunguza visa 1,216 vya upasuaji nchini Kenya. Baadhi ya wagonjwa walipungukiwa na oksijeni kwa muda na wengine waliona maruweruwe, lakini hakuna kifo kilichotajwa kuletwa na ketamini.

Hata hivyo, matokeo hayo hayaondoi haja ya daktari wa nusukaputi. Mpango huo ni wa dharura, pale ambapo hayupo.

Kabla ya kudungwa, mwambie mhudumu:

1. Ulikula na kunywa saa ngapi mara ya mwisho.
2. Kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo.
3. Kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili.
4. Kama una mimba.
5. Dawa au pombe uliyotumia.

Kisha uliza: ni nani atakayeangalia jinsi ninavyopumua?

Katika jamii yetu, kuvumilia maumivu ni heshima, na kijana anayetahiriwa hufunzwa kutopepesa jicho. Hospitalini usifiche. Mhudumu hupima dawa kwa kutegemea unachomwambia, na mficha maradhi kilio humfichua.

Baada ya kuamka

Unaweza kuona ndoto za ajabu, kuona vitu viwili viwili, au kutapika. Jamaa wakae nawe kwa utulivu, bila kelele. Usiendeshe pikipiki wala gari kwa saa 24, na usirudi nyumbani peke yako.

Tahadhari

Ketamini si dawa ya kununuliwa kiholela. Wanaoitumia kama kileo huweza kuwa waraibu na kuharibu kibofu cha mkojo.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uliza kabla ya kutia saini.