Machakos: Maswali ya Wageni

Ni kweli Machakos ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Kenya?

Wenyeji watakuambia ndiyo, na hawako mbali na ukweli. Kampuni ya Waingereza iliyotawala kabla ya serikali ya kikoloni ilijenga kituo chake hapa mwaka 1889, Nairobi ikiwa bado mbuga na matope. Kikawa makao ya kwanza ya utawala wao bara. Ila nchi nzima iliongozwa kutoka Mombasa, kwa hiyo sifa hiyo ya "mji mkuu" ina chumvi kidogo. Reli ndiyo iliyouponza mji: ilipita mbali, kwenye tambarare za Athi, na mwaka 1899 afisa wa kikoloni John Ainsworth akahamishia Nairobi ofisi ya mkoa wa Ukamba. Machakos, uliopewa jina la Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba, ukabaki na wilaya yake. Tangu ugatuzi wa 2013 ni makao makuu ya kaunti.

Mto uko wapi?

Mjini huuoni mto mkubwa. Mji umekaa chini ya vilima vya Iveti na hutegemea bwawa la Maruba kwa sehemu ya maji yake. Mto mkubwa wa kaunti ni Athi, ule ule unaoitwa Galana ukishuka na Sabaki ukikaribia bahari, kaskazini ya Malindi. Ukiufikia, usinywe maji yake bila kuyatibu, hata yakionekana safi: uchafu wa Nairobi humiminika humo.

Mito mingine mingi ni ya msimu. Mvua ikikatika, hubaki mchanga mtupu, na hapo mgeni hudhani maji yamekwisha. Yako chini. Watu huchimba visima kwenye mchanga na kuchota. Ndiyo sababu vijiji hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukatiza mto, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hukaa humo bila kukaushwa na jua. Ukielewa hilo, utaelewa ugomvi wa malori ya mchanga. Anayezoa mchanga kiholela anabeba kisima cha kijiji kizima.

Nani hujenga mabwawa hayo?

Mara nyingi ni mwethya, yaani vikundi vya majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo shamba lako, kesho langu. Akina mama ndio wengi. Matuta ya milimani yamechimbwa hivyo hivyo.

Na matuta hayo yana historia. Miaka ya 1930 wakoloni waliamini kwamba ardhi hii inakufa kwa sababu ya ng'ombe wengi, wakaanza kuwanyang'anya watu mifugo. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu kifungoni. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wa wilaya ya Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka hiyo, na mmomonyoko ukapungua, kwa sehemu kwa sababu ya matuta hayo. Watu wengi, udongo mzuri zaidi. Wataalamu wa enzi ile wangeshangaa.

Utamaduni nitauona wapi?

Nenda Wamunyu, kwenye barabara ya Kitui, ukaone wachongaji. Ufundi huo husimuliwa kuwa ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza upande wa Tanzania ya leo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sokoni tafuta viondo vya mkonge. Hotelini agiza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Ngoma ya kilumi ni ya wazee na mizimu, usitarajie kuchezewa kila jioni. Ukitaka muziki wa kuchezeka, uliza benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers.

Nitafikaje?

Ni kilomita 60 na ushee kutoka Nairobi, kwa matatu. Tahadhari moja: Machakos Country Bus haiko Machakos. Ni stendi ya mabasi katikati ya Nairobi, na ukipanda gari lolote humo bila kuuliza, unaweza kushuka Kisumu.