Jiwe la Mugere

Simama pwani ya Makobola, utazame ng'ambo ya ziwa. Ile ni milima ya Burundi. Huko Mugere, kusini ya mji wa Bujumbura, liko jiwe kubwa. Limeandikwa: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Wageni huenda kulitazama.

Wengine husema, «Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone.» Sivyo! Walikutana kwanza Ujiji. Mugere walipita wakienda kutafuta neno moja: mto Ruzizi hutoka ziwani, au huingia? Kama hutoka, labda hufika Nili.

Mwaka 1858 watu wa Uvira walikuwa wamemwambia Burton ya kuwa huingia. Lakini yeye hakufika kuuona, na huko Ulaya wakazidi kubishana. Basi wapiga kasia waliwapeleka Livingstone na Stanley mpaka mdomo wa mto. Wakaona: Ruzizi huingia ziwani. Maji ya ziwa hutoka kwa Lukuga, penye Kalemie, yakaenda mto Kongo.

Watu wa Uvira walisema kweli. Jiwe lina majina mawili tu.

MASWALI
1. Livingstone na Stanley walikutana wapi kwanza?
2. Maji ya ziwa hutoka kwa mto gani?
3. Wewe ungeongeza majina ya nani juu ya jiwe? Kwa sababu gani?