Mwili Umetua, Kichwa Bado Safarini

SWALI: Mimi ni mfugaji wa nyuki, naishi Tura, wilayani Uyui. Nikiwa kazini kichwa kimetulia. Shida ni nikijinyoosha kitandani au nikisubiri treni stesheni: deni, ada za watoto, maneno niliyomjibu shemeji mwaka juzi, yote yanakuja kwa mkupuo. Jirani ananionya kwamba kuwaza hivi kutanimaliza akili. Tena nimesikia binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Je, naumwa?

JIBU: Kwa dalili alizozitaja, msomaji huyu haumwi. Ubongo wake unafanya kazi ambayo ubongo wa kila binadamu huifanya pale unapoachwa bila shughuli.

Tura imepokea wachovu wengi. Msafara wa wapelelezi Waingereza Burton na Speke ulipofika hapo mwaka 1857, ulikuwa umetoka kuvuka Mgunda Mkali, lile pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Mpagazi aliyetua mzigo wake kwenye njia ile alipumzisha misuli kwelikweli, kwa sababu misuli isiyo na kazi hupunguza sana nguvu inayotumia. Ubongo hauna desturi hiyo. Uzito wake ni takribani asilimia 2 ya mwili wa mtu mzima, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili uliopumzika unatumia.

Mwaka 1955, Louis Sokoloff na wenzake nchini Marekani walipima oksijeni inayotumiwa na ubongo wa watu waliotulia, kisha wakawapa hesabu za kichwani. Matumizi ya ubongo mzima hayakupanda kwa kiasi cha kuonekana. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba kazi ngumu ya kufikiri huongeza kidogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 5, juu ya kile ambacho tayari kilikuwa kinatumika. Habari ya asilimia 10, basi, ni porojo. Yeyote aliyemuuguza mgonjwa wa kiharusi anajua kwamba eneo dogo la ubongo likikosa damu, mkono au ulimi hupoteza kazi.

Aliyetangulia kuiona shughuli ya ubongo wa binadamu uliotulia ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Jena, Ujerumani, ambaye mwaka 1929 alichapisha michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu. Kipimo chake ndicho EEG ya leo. Mgonjwa hubandikwa vidude vidogo vya chuma kichwani kwa ute maalumu, nyaya zikaelekea kwenye mashine, kisha huambiwa afumbe macho. Hapo upande wa kisogoni mistari huanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Akifumbua macho, mpangilio ule huvunjika. Yaani wimbi zuri kuliko yote huonekana wakati mtu hafanyi lolote!

Mashine za MRI za kupiga picha za ubongo zilipokuja, watafiti walizitumia kuuliza ubongo unafanya nini ukipewa kazi, na mtikisiko wa wakati wa mapumziko wengi waliuona kuwa kelele tu. Mwaka 1995 mtafiti Bharat Biswal alionyesha kwamba kelele ile ina mpango: maeneo ya kulia na ya kushoto yanayoendesha mikono hupanda na kushuka pamoja, polepole, hata mikono ikiwa imetulia. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis walieleza kundi la maeneo, mengine nyuma ya paji la uso, mengine ndani kuelekea kisogoni, ambayo hushughulika zaidi mtu akiwa hana kazi na hupoa akianza kazi inayodai umakini. Mfugaji wa nyuki hahitaji mfano wa mbali: nyuki wakisharudi jioni, mzinga huendelea kuvuma usiku, maana wako wanaopepea asali ili ikauke.

Maeneo hayo huhusika na kukumbuka yaliyopita, kupanga yajayo na kukisia wengine wanatufikiriaje. Deni, ada na shemeji: orodha ya msomaji ni hiyohiyo.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa Killingsworth na Gilbert wa mwaka 2010, uliowauliza watu wazima 2,250 kwa simu wakati wowote wa siku, ulikuta kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati mawazo yao yalikuwa kwingine, mbali na walichokuwa wakifanya. Ulikuta pia kwamba katika nyakati hizo furaha yao ilikuwa pungufu kuliko walipozingatia walichokuwa wakifanya. Hapo jirani ana hoja ndogo, ingawa "kumaliza akili" ni kutia chumvi.

Mawazo yakizunguka jambo lilelile la huzuni karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikapotea, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Mwenye hali hiyo aanzie zahanati au kituo cha afya, na akipewa rufaa aende Hospitali ya Kitete mjini Tabora. Kukimbilia vidonge vya usingizi vya duka la dawa ni kujitafutia uraibu. Anayepotea njia aliyoizoea, au kuuliza swali lilelile mara kwa mara, naye apimwe: wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta maradhi ya kupoteza kumbukumbu kwa takribani asilimia 6 ya wenye miaka 70 na zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hulichanganya na kuwaza. Mtoto aliyezama katika mawazo akiitwa au akiguswa hugeuka. Mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde kadhaa, kope zikipepesa, haitiki hata akiguswa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa, ambapo seli nyingi za ubongo hufyatua umeme kwa mkupuo mmoja. Asichapwe kwa uzembe. Mzazi amrekodi video kwa simu na kuipeleka kwa daktari, kwa sababu mtoto akifika kliniki mara nyingi huwa hana dalili yoyote.