Dar hadi Unguja: dakika 20 zisikudanganye

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 tu, na ndege hukaa hewani dakika 20 hivi. Usipange safari kwa dakika hizo. Ongeza foleni ya Barabara ya Nyerere, ambayo jioni inaweza kula saa nzima, kisha ukaguzi.

Ndege nyingi za njia hii ni ndogo, kwa hiyo mizigo hupimwa kwelikweli: mara nyingi mwisho kilo 15, na begi laini hupakiwa kirahisi kuliko sanduku gumu. Uliza mapema unaondokea jengo lipi la abiria. La kwanza na la tatu hayako pamoja.

Kwa anayekaa katikati ya jiji, Posta au Kariakoo, boti inayotumia takriban saa mbili haipitwi sana na ndege.