Mafua: kwa nini pua inachuruzika



Mvua ikianza Bukavu mwezi wa tisa, dispensari hujaa watu wanaopiga chafya. Mji wetu uko mita 1500 hivi juu ya bahari, upepo wa ziwa ni wa baridi jioni, na kila mtu husema: «Nilinyeshewa, nikapata mafua.» Baridi peke yake haizai mafua. Yanaletwa na virusi, vijidudu vidogo mno, vinavyotoka puani mwa mgonjwa, vikashika mkono wake, kisha wako mnaposalimiana, kisha pua yako unapojifuta. Wakati wa mvua tunajaa chumbani, dirisha limefungwa. Hapo vinapata njia.

Siku 1 hadi 3 baadaye mwili unaanza kupigana. Taabu nyingi unazozisikia ni kazi ya mwili wenyewe. Damu inakimbilia puani, mishipa inavimba, pua inaziba. Ndiyo sababu unapenga na kupenga, hakitoki kitu! Makamasi yanaongezeka ili yasombe vijidudu, kama maji yanavyosomba mchanga kwenye karai. Chafya inavitupa nje. Usiku makamasi yanateremka kooni, kikohozi kinaanza.

Baada ya siku chache yanakuwa mazito, ya manjano au kijani. Hapo wengi wanakimbia kununua ampisilini. Ni pesa ya kutupa. Rangi hiyo inatoka kwa chembe nyeupe za damu zilizopigana, na antibiotiki haiui virusi. Pumzika, kunywa chai ya moto, nawa mikono kwa sabuni. Mafua huisha kwa siku 7 hadi 10, hata kama kikohozi kinachelewa kidogo.

Lakini mchimbaji asijidanganye. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, au ukikohoa damu, ukikonda, ukitoka jasho usiku, usikiite tena mafua: peleka makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Nawe mama, mtoto mwenye mafua mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Wa chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, au akikataa kunyonya, usingoje kupambazuke. Mpeleke kwa munganga usiku huohuo.